Goli Lililopimwa kwa Mkono wa Mume Wangu

Mimi na mume wangu tulibishana miaka mitatu na zaidi kuhusu wanaume wawili ambao hatukuwahi kuwaona ana kwa ana, na hata majina yao hatukuyajua vizuri. Walikuwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa kulipwa, huko Amerika, na sisi tuliwaona kwenye kanda moja ya video katika banda lililokuwa Kashaulili, mjini Mpanda, nyuma ya duka la mafuta ya taa. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwenye banda alikuwa na jenereta, televisheni moja, na ndugu zake Dar es Salaam waliokuwa wakimtumia kanda kwa treni. Jumapili mchana, baada ya kanisa, tulijaa humo kama magunia ya mahindi.

Mtangazaji alisema Kiingereza cha haraka, hakuna aliyemwelewa. Kwa hiyo watu wa Mpanda waliwapa wale wachezaji majina yao wenyewe. Mmoja alikuwa mkubwa kupita kiasi, mabega kama mlango wa ghala. Akitaka kwenda kwenye goli anageuka, anawapa mgongo, anasukuma, anasukuma, mpaka wote wako chini na yeye yuko juu anautumbukiza mpira kwa mikono miwili. Huyo tulimwita Greda, kwa sababu ya lile greda lililokuwa linakuja baada ya masika kusawazisha barabara. Wa pili alikuwa mrefu vilevile lakini mwembamba kidogo. Yeye hakusukuma. Alidokoa hatua moja kushoto, akarudi, akazunguka, na aliyekuwa anamkaba alibaki amekumbatia hewa. Huyo jina lake nilimpa mimi. Mimi ni fundi cherehani, na nilipoiona ile miguu nilisema kwa sauti, "Anakanyaga kama mtu anayeshona." Watu wakacheka, na kuanzia siku hiyo akaitwa Cherehani.

Sasa, kanda ile ilikuwa na tatizo. Timu ya Greda na timu ya Cherehani zilikuwa zinakaribiana sana, zimebaki dakika chache, banda zima limesimama. Picha ikaruka mara mbili, akatokea bibi harusi anamlisha bwana harusi keki.

"Nini hii?" watu wakauliza.

"Harusi," akasema mwenye banda, anaangalia chini.

"Harusi ya nani?"

"Ya binamu yangu. Lakini aliyeirekodi juu ya mchezo si mimi."

Basi hatukujua nani alishinda. Tuliirudia kanda ile mara nyingi, na kila mara tuliishia kwenye keki. Nafikiri kama ile kanda ingekuwa nzima, ubishi wetu ungekwisha wiki ileile.

Tulichobishania ni nani kati yao anautawala uwanja, na mume wangu alikuwa upande wa Greda. "Mtawala," alisema, "ni yule ambaye kila mtu uwanjani anapanga kazi yake kwa sababu yake. Greda akipewa mpira wanamwendea watatu. Nani mwingine anaendewa na watatu?"

Mimi nikamjibu, "Wale watatu wanajua anakwenda wapi. Cherehani anaendewa na mmoja, na huyo mmoja hajui."

"Kutojua si kutawaliwa."

"Wewe subiri mteja asijue nguo yake itakuwa tayari lini, ndiyo utajua kama ametawaliwa au hajatawaliwa."

Alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka taratibu, mabega yanaanza kwanza, sauti inafuata baadaye.

Lazima niseme kwa nini alimpenda Greda. Mume wangu alikuwa mrefu kuliko mtu yeyote niliyemfahamu Mpanda. Alifanya kazi ya kupakia mizigo stesheni, na ukisimama mbali ukaangalia wapakiaji, wengine uliwaona vichwa tu juu ya magunia na yeye ulimwona kuanzia kifuani. Kitandani alilala mshazari, mimi nikapata pembe iliyobaki. Baiskeli yake aliongezea kiti kipande cha bomba. Tulipojenga nyumba mtaa wa Makanyagio alimwambia fundi mlango uwe mrefu, na fundi akauliza kama tunataka kufuga twiga. Kila shati lake nilishona mimi, kwa sababu mikono ya mashati ya dukani ilimfika hapa, chini kidogo ya kiwiko.

Na watu walimwazima mkono. Hili wasiokulia kwetu hawatalielewa haraka. Siku zile sokoni vitu vingi vilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu. Kamba, utepe, mpira wa kufungia mizigo. Muuzaji alipima kwa mkono wake, lakini mnunuzi aliruhusiwa kuleta mkono wake pia, wakabishana. Kwa hiyo mtu akitaka kamba ndefu ya kufungia ng'ombe, alipitia kwanza nyumbani kwetu. "Shikamoo mama. Baba yupo? Naomba nimwazime mkono." Mume wangu alikwenda nao. Wauzaji wakimwona anakuja walianza kukunja kamba. Kwake yeye kusaidia watu kwa mkono ule ilikuwa heshima, wala hakuwahi kuona kwamba anamdhulumu muuzaji. Mimi niliona. Sikusema, kwa sababu na mimi nilimtumia.

Sasa goli. Kabla ya ile kanda kufika, alikuja mwalimu mmoja kutoka mbali, akafundisha vijana wa Makanyagio mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha vumbi karibu na kanisa. Vijana wakapenda, na watu wazima pia, na mume wangu akiwa mmoja wao. Wakakata miti miwili ya mninga, mchomeaji akakunja ringi mbili za nondo za kufungwa kwa waya kwenye ubao. Siku ya kusimamisha hawakuwa na futi ya kupimia. Mwalimu akasema, "Goli ni futi kumi. Mkono mmoja ni kama futi moja na nusu. Basi hesabuni mikono sita na nusu na vidole vitatu, mtakuwa mmefika." Akaondoka kwenda kusahihisha madaftari.

Waliobaki wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa sokoni kwetu angefanya. Penye kupima, unaita mkono mrefu. Wakamwita mume wangu.

Alilala kifudifudi pembeni ya mti uliokuwa bado chini, akapima mkono kwa mkono, watu wanahesabu. Mwalimu baada ya muda mfupi akahamishwa, na goli likabaki.

Likabaki, na mume wangu akawa mfalme wake. Wengine walitupa mpira kwa nguvu zote kama wanarusha jiwe kwenye embe, ukagonga chuma au haukufika. Yeye alisimama chini, mgongo kwa watu, akasukuma kama Greda, akageuka, akaupeleka juu taratibu. Hata yeye akiruka vidole vilibaki chini ya ringi karibu shibiri nzima. Lakini aliyekuwa karibu na ringi ni yeye, na alifunga. Timu za shule zilikuja, timu ya polisi ilikuja, wote wakapigwa. Nje ya kiwanja watu walimwita Greda. Alijifanya hasikii, lakini nilimwona anavyotembea.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mtani wangu. Alikuwa mfupi, kama vile mama yao alimaliza urefu wote kwa mtoto wa kwanza. Kwa desturi yetu shemeji aliniita mke wake, na mimi nilimwita mume mdogo. Alicheza timu moja na kaka yake, na kazi yake ilikuwa kumpelekea mpira tu. "Mke wangu," alikuwa akiniambia, "mimi kwenye timu hii ni kama mhudumu wa hoteli. Napeleka sahani, naondoka."

Ikafika safari ya Mishamo. Kule kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi kulikuwa na timu, na katika timu hiyo alikuwapo mtu ambaye watu waliokwenda kununua maharage walimsimulia. Walisema ni mrefu kama mume wangu. Mume wangu hakuamini. Tukapata lori lililokuwa linafuata mahindi, tukapanda, mimi nikiwa na sindano na uzi kwa sababu bukta za timu nilishona kwa haraka na sikuziamini.

Mtu yule alikuwapo. Alikuwa mkulima wa mihogo, mpole, amevaa shati lililokatwa mikono. Alimsalimia mume wangu kwa mikono miwili. Halafu wakaanza kucheza, na nikaona mambo mawili.

La kwanza, mtu yule alikuwa Cherehani. Hakusukuma. Mume wangu alimwekea kifua, yeye akadokoa hatua, akapita. Alipita kushoto, alipita kulia. Kuna wakati mume wangu alibaki amesimama anaangalia mikono yake kama mtu aliyeangusha kitu.

La pili, mipira yetu yote ilipita juu ya ubao. Yote. Shemeji alitupa, ukapita. Mume wangu aligeuka akaupeleka juu taratibu kama siku zote, ukapita. Watu wa Mishamo walikuwa wanakimbia kuiokota kwenye shamba la mahindi, na watoto wakaanza kucheka.

Tulipigwa vibaya. Kwenye lori kurudi kila mtu alikuwa na neno moja.

"Wametutegea goli fupi."

"Nilisema mimi, nilipofika tu."

"Wameliteremsha ili yule jamaa wao afunge."

Mwishoni mume wangu akasema, "Ni wezi. Waje kwetu, wacheze kwenye goli la kweli."

Hilo neno wezi lilinikaa. Mimi nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akimwita mtu asiyemjua jina baya. Na jicho la fundi halipumziki. Nilipokuwa Mishamo nililiangalia goli lao na moyoni nikasema, hili linakaribia futi kumi. Nimeshapima mapazia ya kanisa, najua futi kumi inavyokaa. Halafu nikaukumbuka mkono wa mume wangu. Nilikuwa naujua kuliko mtu yeyote. Kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole ulikuwa inchi ishirini na moja. Mkono wa mtu wa kawaida ni kumi na nane.

Siku tatu sikulala vizuri. Nilijiambia niache. Mume wangu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia mbele ya watu. Stesheni walimwita wewe mrefu njoo huku. Kwenye kile kiwanja cha vumbi ndipo alipokuwa mtu. Lakini vilevile alikuwa anapita mjini akisema watu wa Mishamo ni wezi, na watu walimwamini kwa kuwa hakuwa msemaji ovyo. Neno lile lingefika kule kwa lori lolote.

Jumamosi asubuhi nikamchukua shemeji, nikampa kibiringo cha uzi na kifungo kikubwa cha koti.

"Panda kwenye goli," nikamwambia. "Funga uzi kwenye ringi, uteremshe kifungo mpaka kiguse chini."

"Mke wangu, nikianguka nikavunjika, kaka akitangulia nani atakurithi?"

"Nitabaki peke yangu nipumzike. Panda."

Akapanda, analalamika njia nzima. Kifungo kikagusa vumbi. Nikakata uzi, nikaulaza kwenye futi yangu ya kushonea, ambayo ni inchi sitini tu, kwa hiyo nikapima mara mbili na kipande. Shemeji alikuwa amechuchumaa ananiangalia.

"Ngapi?"

"Futi kumi na moja na nusu, na inchi moja juu yake."

Akakaa chini kabisa. "Miaka minne," akasema. "Miaka minne natupa mpira mbinguni, naambiwa sina mkono." Kisha akaangalia upande wa nyumbani. "Utamwambia wewe. Mimi sipo. Mimi hata sijui kusoma futi."

Nilimwambia mchana, baada ya kula. Alikuwa anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli uani. Nilisema bila kuzunguka, kwa sababu sijui kuzunguka.

"Baba, goli la Mishamo si fupi. La kwetu ndilo refu. Nimelipima."

Hakugeuka. "Limepimwa. Nililipima mimi."

"Ndiyo. Kwa mkono wako."

Mkono ulikuwa mbele yake umejaa mafuta. Aliuangalia. Nikamwonyesha uzi wenye kifungo, nikamwonyesha inchi zake ishirini na moja kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, alipoandikwa kati ya mama mmoja wa kwaya na suruali za mzee wa jirani. Akafuta mikono, akatoka, akaenda zake kutembea. Siku ya pili neno lake lilikuwa naomba chumvi tu.

Siku ya tatu alirudi kutoka stesheni, akasimama mlangoni, akasema, "Chukua hiyo futi. Twende."

Tukapima wote wawili. Alishika uzi yeye mwenyewe. Alipomaliza alikaa kwenye jiwe.

"Kwa hiyo nilikuwa mfalme wa kosa langu," akasema.

"Ulikuwa unafunga. Hakuna aliyekusaidia kufunga."

"Lakini hakuna mwingine aliyeweza."

"Hapana. Hakuna."

Nikakaa kwenye jiwe pamoja naye. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Wale wauza kamba," akasema. "Miaka yote ile. Wangejua ni inchi ishirini na moja, wangeniwekea sumu kwenye chai."

Jumapili ilipokwisha ibada aliwaita wenzake, akawaeleza mwenyewe. Hawakufurahi.

"Ukiliteremsha, kila mtu atafunga," mmoja akasema. "Hata huyu mfupi."

"Ndiyo maana yake," akasema mume wangu. "Huyu mfupi amenipelekea sahani miaka minne. Na yeye ale."

Alipanda mwenyewe, akafungua nyaya, akateremsha ubao, na mimi nikiwa chini na uzi mpya wa futi kumi kamili. Wakafanya goli la pili vilevile. Halafu akaniomba karatasi. Aliandika kwa mkono wake, herufi kubwakubwa. Barua ile niliisoma kabla hajampa dereva wa lori, kwa hiyo naikumbuka: *Ndugu zetu, tulisema mmetudanganya. Tumepima. Goli lenu ni sahihi, letu lilikosewa na aliyelikosea ni mimi. Mtusamehe. Njoeni mcheze, tumelirekebisha.* Akaweka jina lake chini.

Walikuja baada ya wiki kadhaa, maana kutoka makazini kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi, na kibali kilichelewa. Walifika wamejaa vumbi, yule mrefu ameinamisha kichwa nyuma ya lori kama tawi lililobebwa. Kiwanja kilijaa. Mimi nilihesabu magoli kwa vifungo: vyeupe vyetu, vyeusi vyao, kutoka mfuko huu kwenda huu.

Ninaweza kusema ukweli wa mchezo ule. Mume wangu alifunga machache kuliko alivyowahi kufunga katika kiwanja hicho. Mtu wa Mishamo alimpita alipotaka. Lakini kila mume wangu aliposhika mpira, wale wa Mishamo waliokuwa wamesikia sifa zake walimwendea watatu, na yeye, badala ya kusukuma, aliutoa nje kwa mdogo wake. Shemeji alitupa. Goli lilikuwa futi kumi. Ukaingia. Akatupa tena, ukaingia tena, naye akasimama katikati ya kiwanja anaangalia viganja vyake, mpaka mtu akampigia kelele arudi kukaba. Mwishoni vifungo vyeupe vilizidi vyeusi kwa kimoja.

Tulikula nyumbani, wageni na wenyeji, ugali na maharage waliyoleta wao. Mtu wa Mishamo alikuja mlangoni, kwa mazoea akaanza kuinama, kisha akasimama. Akaangalia juu. Akanyooka, akapita, akarudi nje, akapita tena.

"Mama," akaniambia, "huu ni mlango wa kwanza nisiousalimia tangu nivuke mpaka."

Baadaye shemeji akataka kuwapima. Akawasimamisha mgongo kwa mgongo chini ya ule mlango, akapanda kigoda, akaweka kiganja. "Sawasawa," akatangaza. "Mungu alitumia mti mmoja." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia, na niliona mtu wa Mishamo amezidi vidole viwili.

Ubishi wetu ukaja mezani, haukuweza kukosa. Mgeni akasikiliza habari za Greda na Cherehani na ile harusi, akasema, "Lakini mimi najua nani alishinda. Nilisikia redioni."

Mume wangu akainua mkono ule mrefu. "Ndugu, kula. Tuna ubishi wa miaka mitatu hapa, usituvunjie nyumba."

Walipoondoka jua lilikuwa bado lipo. Tuliwasindikiza mpaka kwenye lori, tukarudi mimi na yeye taratibu, yeye amebeba kigoda.

"Sema ukweli," akasema. "Kati yangu na yule, nani zaidi?"

"Yeye."

Tukatembea kidogo.

"Na urefu amekuzidi vidole viwili," nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

Mabega yakaanza. "Hata hilo hukuliacha."

"Uliuliza."

"Nilikuuliza wewe kwa sababu najua hutanidanganya. Mtu mwingine angeniambia ni mimi, ningerudi nyumbani bila kujua kitu." Akahamishia kigoda mkono mwingine. "Sasa kuhusu wale wawili wa kanda. Yule wa leo amenipita mara ngapi?"

"Sikuhesabu hayo. Nilihesabu magoli."

"Mara nyingi," akasema. "Kwa hiyo nakubali, miguu ni kitu kikubwa. Lakini waliniendea watatu. Watatu, umeona? Bila mimi kusukuma mtu. Kwa hiyo Greda bado yupo."

Nikamwambia aliyefunga ni mfupi. Akasema ndiyo, lakini mfupi alikuwa peke yake kwa sababu ya nani? Tulifika nyumbani bado tunabishana, na tukaendelea hivyo miaka iliyobaki. Haikuwa mingi. Katika miaka hiyo hakuwa mfalme wa goli tena, alikuwa mmoja wa watu watano, na nilimwona akirudi kutoka kiwanjani anapiga mluzi, kitu ambacho hakuwa akikifanya zamani. Yeye na mtu wa Mishamo walitembeleana kila kibali kilipopatikana. Wakati wa mvua kililetwa kwetu kiroba cha mihogo. Sisi tulipeleka shati la mikono mirefu. Kipimo sikuhitaji kuuliza.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa homa ya siku sita. Sitaandika siku zile sita.

Kwetu kaburi hupimwa kwa fito. Wanaume huingia alipolazwa marehemu, wakakata fito sawa na yeye, wakaipeleka makaburini. Walifanya hivyo. Lakini fito ile ilikuwa ndefu mno kwa baiskeli, ikanasa kwenye kichaka njiani ikavunjika, na mchimbaji akarudi akasimama uani, na kumpima upya haikuwezekana, maana tulikuwa tumeshamvika sanda. Shemeji, ambaye kama mtani wangu alikuwa na kazi ya kutuchekesha msibani, tangu jana hakuweza.

Mtu wa Mishamo alikuwa amefika asubuhi ile kwa lori. Alikuwa amekaa chini na wanaume. Akainuka.

"Nipimeni mimi," akasema. "Tulikuwa sawa."

Akaenda akasimama chini ya ule mlango, amenyooka, mikono ubavuni. Shemeji akaleta kamba, akapanda kile kigoda, akashika ncha moja juu ya kichwa chake, mchimbaji akashika nyingine kisiginoni.

Nilikuwa nimekaa na wanawake kwenye mkeka. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua. Lakini mume wangu aliniuliza mimi siku zote kwa sababu nilisema kweli.

"Umemzidi vidole viwili," nikasema.

Wanawake walinigeukia. Mtu wa Mishamo akaniangalia kutoka pale juu, bila kushangaa.

"Najua, mama," akasema. "Aliniambia. Alicheka sana." Kisha akasema, "Viache hivyo viwili. Alale kwa nafasi."

Nikaufikiria mshazari wa kitanda chetu, na pembe yangu. Nikamwitikia kwa kichwa. Shemeji akakata kamba palepale, bila kupunguza.